Mume wangu alinipa shikamoo katikati ya mashindano ya pikipiki Basotu

Wakuu, heshima mbele. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Ila juzi nimepita kwenye uzi mmoja wa vijana wanaojadili mashindano ya pikipiki ya wikiendi. Kurasa kwa kurasa watu wanatoana macho kuhusu matairi, plagi na injini.

Hakuna hata mmoja aliyetaja jua.

Nikasema basi, acha na mimi niandike. Nitakayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mhusika mkuu ni baba wa watoto wangu. Anayetaka kusema ni chai aseme tu, mimi nitaweka sukari niendelee.

Kwanza niwape picha ya mahali, maana bila hiyo hamtaelewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Kilosa, nimekulia kwenye makambi ya mashamba ya mkonge, baba yangu alikuwa mkata mkonge. Nilipopangiwa kazi Mbulu nilifika na kisweta kimoja chepesi, tena nilikibeba kwa ajili ya urembo.

Waliowahi kukaa Mbulu juu kule wanacheka hapo walipo.

Asubuhi unafungua mlango huoni jiko. Ukungu umelala hadi kwenye ngazi. Wiki ya kwanza nilifundisha nimejifunga blanketi, na wanafunzi walinivumilia.

Nikaolewa kulekule. Mume wangu nitamwita Fabiano, Muiraqw, fundi seremala. Mrefu, mpole, maneno yake ya kutwa nzima yanaingia kwenye kiganja. Ila ukimpandisha kwenye pikipiki anakuwa mtu mwingine kabisa.

Miaka yenyewe ni ile ambayo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Ukimuuliza mzee anatoka mkoa gani, bado anakwambia Arusha. Pikipiki za Kichina ndiyo zimeanza kupanda milima yetu, na kila kijana aliyeuza ng'ombe alirudi na moja.

Sasa njoo kwenye koti.

Madereva wa kule juu wana namna yao ya kuvaa. Wanatafuta mnadani makoti ya mitumba yaliyotoka nchi za theluji, mazito kama godoro. Halafu wanalivaa kinyume, mgongo wa koti unakaa kifuani na zipu inakaa nyuma. Huwezi kulifunga mwenyewe, lazima mtu akufungie. Ndani yake, kati ya koti na shati, wanapachika kipande cha boksi.

Yote hayo ni kwa ajili ya upepo. Kule kuna ugonjwa unaoogopwa kuliko simba, unaitwa kifua. Hospitali watakwambia nimonia, lakini nyumbani ni kifua tu. Upepo ukikuingia kifuani umekwisha.

Na mimi siwacheki. Saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa kwenye pikipiki kwenye ile baridi, lile koti ni akili.

Shida ilikuwa kwenye hesabu iliyofuata. Walisema hivi: ukienda polepole unapigwa na upepo kidogo, ukienda kasi unapigwa na upepo mwingi. Kwa hiyo siku ya mashindano, ambayo mtu anakimbia kuliko siku zote, ndiyo siku ya kuvaa zaidi.

Hebu mnijibu, kosa liko wapi hapo? Ukiwa umekaa baridini huoni.

Mashindano yalikuwa yanafanyika Basotu, Hanang, kwenye mashamba ya ngano. Zamani serikali ililima ngano kule kwa mashine kubwa, shamba linaanza hapa mwisho wake huuoni. Ulipokuja wakati wa soko huria na ubinafsishaji, baadhi ya vipande vikasimama. Ngano ikaondoka, barabara za shamba zikabaki. Pana, zimenyooka, zinakata kona za mraba kama zimepigwa rula.

Vijana wakaona huo ni uwanja uliojengwa kwa ajili yao.

Walikuwa wanakutana Jumapili, kutoka Katesh, Dongobesh, Basotu penyewe na sisi wa milimani. Raundi kumi kuzunguka kipande kimoja cha shamba. Mshindi anapewa beberu na jina, na jina ndilo walilokuwa wanalitafuta.

Wazee wa makanisa walikubali kwa sharti moja, kwamba injini isiwashwe mpaka ibada zote ziishe. Ibada za kwetu haziwahi kuisha mapema. Kwa hiyo start ilikuwa saa saba mchana, au saa nane mtu akikaribishwa kutoa ushuhuda.

Mwaka ninaousema jua lilikuwa la kutisha. Mvua za vuli zilikuwa hazijaonekana, na uwanda wa Basotu ulikuwa mweupe. Hakuna mti. Kuna mabua ya ngano, vumbi na mashine moja ya zamani ya kuvunia iliyoota kutu, ambayo kivuli chake wanagombania mbwa na watu.

Fabiano aliondoka nyumbani asubuhi na pikipiki, baada ya misa ya kwanza ya mapema pale kigangoni kwetu. Mimi nilishuka na Fuso pamoja na ndugu na majirani. Mama mkwe wangu alikuwemo, alikaa mbele na dereva kwa sababu ya umri.

Huyu mama nimweleze vizuri, maana bila yeye hakuna uzi.

Nilikuwa naishi naye ua mmoja. Mama mwembamba, mnyoofu, hana kelele. Ndiye aliyenifundisha kuishi na watu wa kule. Kila asubuhi kabla sijagusa maji nampa shikamoo. Simpitii mbele akiwa ameketi. Sipazi sauti akiwepo. Akisema jambo mimi najibu "ndiyo, mama", na kama nina langu nampelekea Fabiano, naye anajua pa kulipitisha.

Nilipojifungua Edina, mama huyo ndiye aliyekaa na mimi. Alinipikia uji, akaniogesha, akafukuza wageni wenye maneno mengi. Wengine mtasema nampamba. Hapana. Nampenda.

Basi tumefika Basotu. Nashuka kwenye Fuso, jua linanipiga utosini, mwili wangu wa Kilosa unakumbuka nyumbani. Namtazama Fabiano, yuko kwenye mstari na lile koti, boksi ndani, helmeti, glovu za sufu. Jasho linamchuruzika kidevuni na injini hata haijawashwa.

Nikamsogelea nikamwambia, "Fabi, vua hilo koti. Huku siyo nyumbani."

Alimtazama mama yake.

Mama alikuwa nyuma yake, anampandishia zipu hadi shingoni. Akasema taratibu, "Upepo wa mbio hauna juu wala chini, mama Edina. Ni upepo."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikarudi nikasimama na wenzangu.

Mbio zikaanza. Wakuu, sitawadanganya, zilikuwa tamu. Pikipiki kama ishirini hivi zinaingia kona ya kwanza kwa pamoja, vumbi linafunika kila kitu, halafu linafunguka unaona nani yuko mbele. Raundi ya tatu mbele yuko Fabiano. Raundi ya tano bado yeye. Watu wa Mbulu tulipiga vigelegele hadi koo zikakauka, na mimi mwalimu mzima nilirukaruka na kiatu kimoja, sijui kingine kilikwenda wapi.

Raundi ya saba akapita mbele yetu na nikaona kitu ambacho sikukipenda. Alikuwa hainami kwenye kona. Amekaa wima, kichwa kinacheza kidogo, kama abiria anayesinzia.

Raundi ya nane hakukata kona.

Kona ilikuwepo na barabara ilikuwepo, yeye akaenda moja kwa moja ndani ya mabua ya ngano. Polepole tu, bila kuanguka, hadi pikipiki ikasimama yenyewe kwenye tuta. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema beberu amemlewesha kabla hajamwona.

Nikaenda mbio, na wenzangu nyuma.

Nilimkuta ameshashuka. Anapiga kiki. Anapiga, anapiga, kwa nguvu zake zote, na injini inanguruma. Pikipiki ilikuwa haijazimika.

Nikazima swichi. Nikamvua helmeti. Uso mwekundu wa kuiva, midomo mikavu, na lile jasho la mwanzo halipo kabisa. Nikamshika shavu, nikautoa mkono haraka.

Nikasema, "Fabi, unanisikia?"

Akanitazama vizuri, kwa adabu zote. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akaniambia.

Watu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mume anampa mkewe shikamoo! Kuna aliyejikalia chini akishika mbavu.

Mimi sikucheka. Mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu anajua nani anaamkiwa na nani haamkiwi, mwanaume mzima akikosea hapo, ujue ndani ya kichwa hakuna mtu.

Halafu akaanguka.

Hapo ndipo kicheko kilikatika, na kila mtu akawa daktari. Baba yake mdogo, mzee Boay, akamgusa paji la uso akatangaza, "Homa kali. Kifua kimemkamata tayari. Leteni blanketi."

Na blanketi lilikuja, wakuu. Nyanda zile, jua lile, blanketi lilikuwepo. Likafuata shuka la mtu. Mama mkwe akafungua khanga yake ya begani akamfunika kichwa, akapiga magoti pale vumbini, akamkumbatia juu ya nguo zote hizo.

Sasa mimi nilikuwa nimeyaona hayo utotoni. Kwenye mkonge, msimu wa joto, mkataji anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, anaacha kutoka jasho, anaanguka. Wenzake hawakuwa na mjadala. Walimvua nguo, walimbeba, wakamtupa kwenye mfereji. Wengine walipona, na mmoja aliyechelewa kuonekana tulimzika.

Nikasema, "Mama, tumvue. Tummwagie maji."

Mama hakuinua hata kichwa. "Maji hapana."

"Mama, ni jua. Siyo kifua."

"Nimesema maji hapana."

Baba mdogo akadakia, "Mama Edina, nyamaza. Mtu wa homa unammwagia maji baridi? Unataka kumuua?"

Nikatazama watu. Ndugu wote, majirani wote, wazee ninaowaamkia kila siku. Hakuna aliyekuwa upande wangu. Na mimi mwenyewe, niwaambie ukweli, sikuwa na uhakika wa asilimia mia. Mimi si nesi. Kama nimekosea na kweli ni kifua, ningekuwa nimemuua mume wangu mbele ya mama yake, kwa mikono yangu, baada ya kukatazwa.

Nikasikia Fabiano anakoroma.

Nikamshika mama mkwe wangu mabega nikamsukuma. Kwa nguvu. Alianguka akakaa chini, na mimi nikapiga kelele ambayo naamini ilifika Katesh: "TOKA!"



Nikatupa blanketi, nikatupa shuka. Nikafikia koti, sasa zipu iko mgongoni, na mtu mwenyewe amelala chali, ana uzito wa gunia mbili. Nikamgeuza ubavu. Zipu imejaa vumbi, haishuki. Navuta, haishuki. Nalia huku navuta.

Pembeni alikuwa amesimama Mbarbaig mmoja, mchungaji, alikuja na ng'ombe wake kutazama watu wanavyochezea mafuta. Hatukujuana na hadi leo simjui jina. Alichomoa kisu chake kiunoni akanipa kwa mkono wa kulia, mpini ukiwa upande wangu, akainama akamshikilia Fabiano asirudi chali.

Nikakata koti kuanzia shingoni hadi chini. Boksi lilitoka likiwa limelowa na kusambaratika kama ugali wa moto. Nikakata na shati.

Kwenye Fuso kulikuwa na pipa la maji ya rejeta. Nikapaza sauti tena, "Maji!" na safari hii dereva akaleta ndoo. Nikammwagia kichwani, shingoni, kwapani. Ndoo nyingine. Nyingine. Wanawake wawili wa Basotu wakavua vitenge wakaanza kumpepea bila kuambiwa na mtu.

Baba mdogo alikuwa bado anasema nitamuua. Nikaendelea kumwaga.

Baada ya ndoo sijui ya ngapi, Fabiano akafungua macho na kutapika. Akauliza nani ameshinda.

Tulimpakia kwenye Fuso, madirisha wazi, vitambaa vya maji mwilini, hadi hospitali. Daktari alinisikiliza, akamtazama, akasema ni joto, na kwamba kama tungempeleka na yale mablanketi tusingefika naye. Alilazwa. Mkojo wake siku za mwanzo ulikuwa na rangi ya chai kavu, figo zilipata shida, wakahangaika naye hadi zikakaa sawa. Alitoka amekonda, na ilichukua miezi kabla hajaweza kusukuma randa siku nzima.

Alipona. Mungu apewe sifa.

Ila nyumbani sikurudi kwenye sherehe.

Habari zilikuwa zimetangulia, na hazikuwa za jua wala za maji. Habari ilikuwa moja: yule mwalimu wa Kilosa amemwangusha mama mkwe wake chini, hadharani, akamkemea kama mbwa. Kisimani wanawake walininyamazia. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake darasani kwangu.

Asubuhi nilikwenda kumpa mama shikamoo kama kawaida. Akaitikia "marahaba" akiwa anatazama ukuta. Kesho yake vivyo hivyo. Hakunitukana, hakuninyima chakula, hakunisengenya. Alinitoa tu machoni mwake, na ningependelea anichape.

Fabiano akiwa bado dhaifu, ukoo ukaita kikao. Baba mdogo Boay ndiye mwenyekiti. Wakasema sitaitwa muuaji kwa sababu mtu amepona, lakini mke aliyempiga mama wa nyumba hawezi kuendelea kukaa pale hivihivi. Wengine walitaka nirudishwe kwetu kwa muda, niende nikafundwe upya.

Nilikaa kwenye mkeka na Edina mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi na nilikuwa nimejiandaa kufungasha. Kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho ni mama kuomba nafasi ya kusema, kwa sababu kwenye vikao vile yeye huwa hasemi.

Alisimama. Akasema kabla ya Fabiano alikuwa na mtoto mwingine, Yohana.

Mimi nimekaa nyumba ile miaka, jina hilo sikuwahi kulisikia. Nilimtazama Fabiano, akatazama chini.

Akasema Yohana alinyeshewa malishoni, akarudi na kifua, mwili wote moto. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita, mtu aliyesoma, akamwambia mpoze kwa maji.

"Nikampoza," akasema. "Usiku huo akafa. Maji nilimwaga mimi."



Akaendelea, sasa akinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Basotu. "Huyu alinisukuma. Mmeona wote, nilianguka. Aniombe radhi, kwa sababu mama hasukumwi. Lakini msimpeleke popote. Siku ile kama angeniheshimu, ningekuwa nimezika wa pili."

Nikamkabidhi Fabiano mtoto. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, na niliiomba kwa moyo wangu wote, siyo kwa kutimiza. Akasema amepokea.

Halafu, mbele ya mashemeji na wazee wote, akaniambia asante.

Mara moja tu, kwa sauti yake ileile ya chini. Nikalia hadi Edina naye akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Wakuu, nimeyafikiria sana haya mambo. Zamani nikisimulia nilikuwa naweka upande mmoja wajinga na upande mwingine mimi. Siwezi tena. Mimi nilikuwa na maiti moja kichwani, ya mkata mkonge aliyecheleweshewa maji. Mama alikuwa na maiti moja kichwani, ya mtoto wake aliyemwagiwa maji. Tuliinama juu ya mtu mmoja, kila mmoja akiikimbia maiti yake. Siku ile jua lilikuwa upande wangu. Ingekuwa milimani, kwenye mvua, pengine yeye ndiye angekuwa sahihi na mimi ndiye wa kusukumwa.

Kwa vijana wa mashindano: koti ni la barabarani asubuhi, siyo la mbio saa saba. Kunyweni maji. Mwenzenu akiacha kutoka jasho na kuanza kuongea vitu vya ajabu, msicheke. Kivuli, vua nguo, maji, hospitali. Mengine mtabishana akishafungua macho.

Na kwa wengine wote, nina swali ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza. Niliomba radhi kwa kitu ambacho ningekirudia kesho asubuhi bila kusita, na radhi ile ilikuwa ya kweli. Kuna mtu humu amewahi kumvunjia mzazi heshima akijua hana njia nyingine? Mlikujaje kutazamana tena?

Karibuni, nasoma komenti zote.